Mama Yako Anakusalimia

Tooting, London
27 Septemba 1970

Mama mdogo wangu Zeyana,

Nakushika miguu, yako na ya Mama. Mie ni mzima, nakula, nalala, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nasali. Baridi bado haijaanza hasa, lakini watu wa huku wanaisema kila asubuhi kwenye kituo cha basi. Mwadini kaniandikia kutoka Kuwait. Ndugu yangu huyo keshatimia miaka ishirini na miwili na bado anamaliza kila barua kwa kuuliza Mama anakula nini. Nimemwambia akuulize weye, maana Mama kalamu haijui na weye ndiye mkono wake.

Wodini kwetu, kwenye wodi ya wazee wa kike, kaletwa mgonjwa kavunjika nyonga. Kwenye karatasi wameandika jina la mumewe aliyekufa zamani, jina refu lisilotamkika. Nilipomtolea salamu ya Kiislamu alinishika mkono asiniachie, akaniambia jina lake ni Kulsum. Kwao ni Azabajani, nchi iliyo mbele ya Uturuki, kando ya bahari isiyotokea popote. Ana miaka sabini na saba, na alikuwa muuguzi, Mama mdogo. Muuguzi wa vita vile vya kwanza vya Mjarumani, upande wa mfalme wa Kirusi. Anasema ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiislamu mjini kwao kuvaa nguo za uuguzi, na babake alikaa siku arubaini hasemi naye. Basi akinitandikisha kitanda hanionei huruma. Pembe ya shuka ikipinda ananirudisha.

Ila ana jambo moja. Kila saa kumi alasiri anataka nimsogezee viti vitatu kando ya kitanda. Anavigeukia na kuzungumza kwa lugha yake, taratibu, kama mtu na wageni wake. Akishasema hutega sikio, kisha huitikia kwa kichwa. Metroni alikataza viti. Siku tulipoviondoa Bi Kulsum alilia mpaka tukavirudisha wenyewe. Gurmit, Kalasinga wa Nakuru niliye naye zamu moja, anasema, "Mimi hapo sipiti bwana, hata ukinilipa."

Sasa lililonikalisha kuandika. Mtihani wangu wa mwisho ni Juni. Nikishafanya nataka kuja, wiki tatu tu. Miaka minne sijamwona Mama, na hamu imenizidi. Mwulize anasemaje, uniandikie.

Mwanao akupendaye,
Thuwaiba


Mkunazini, Unguja
25 Oktoba 1970

Mwanangu Thuwe,

Barua yako imefika ina gundi mara mbili, yako na ya mtu mwengine, kwa hivyo na yeye namsalimia, aliyeisoma kabla yangu. Sie hatujambo. Mchele upo, foleni ipo, na miguu ninayo. Ramadhani inagonga mlango, na mie nishaanza kuota sambusa kabla sijaona hata unga.

Huyo bibi wa Azabajani mwacheni na viti vyake. Anayezungumza na viti hamdhuru mtu. Mie nishazungumza na watu wazima wenye masikio mawili wasinisikie. Na akikurudisha kutandika, tandika. Nyumbani ulikuwa unavuta shuka juu ya mito ukidhani sikuoni.

Mama yako anakusalimia sana sana. Kafurahi kwa barua yako, kakuombea dua. Yeye hajambo kabisa, haumwi na kitu, hana analolihitaji, usiwe na wasiwasi naye hata kidogo. Habari ya kuja anasema uiache kwanza. Fanya mtihani, upate cheti, na Mungu mkubwa. Radhi zake unazo, zimejaa tele.

Mwadini nimemjibu. Na yeye Mama yake anamsalimia.

Mama yako mdogo,
Zeyana


Tooting
13 Disemba 1970

Mama mdogo,

Idi imeshapita na sikukuandikia, nisamehe. Nilisali msikitini na Wahindi wa hapa, nikala pilau ya watu, nikarudi zamu. Huku wiki hii watu wa umeme wamegomea kazi, taa zinakatwa kwa mitaa. Na jua lenyewe linakuchwa saa kumi alasiri, kwa hivyo wakati wa chai wodi nzima inakaa kwa mishumaa.

Alasiri moja ya giza hilo Bi Kulsum kaniambia maisha yake. Alikuwa kwenye treni ya hospitali, inayobeba majeruhi kutoka milimani kwenye theluji. Wauguzi wengine wote walikuwa Warusi. Yeye peke yake akijua kuandika lugha ya askari wa kwao, basi akimaliza kufunga vidonda huwaandikia barua kwa mama zao. Walikuwa wakifa, Mama mdogo, wengi wao. Barua za mama zao zinakuja, wenyewe hawapo. Ya kwanza kuijibu alimwonea huruma mama mmoja mjane. Akaandika, "Mimi sijambo, mama, jeraha linapona." Kisha akajibu ya pili. Mwisho walifika watu arubaini na mmoja, wote keshawazika kwa macho yake, na wote kila mwezi wanaandika kwao.

Nikamwuliza, ndio hao wanaokuja kwenye viti? Akasema ndio. "Wanakuja kuniuliza wiki hii wameandika nini."

Nilikuwa nimeshika mshumaa, nikautua chini.

Akaniuliza mie barua zangu huandikiwa na nani. Barua yako ya Oktoba ilikuwa mfukoni mwangu, akataka nimsomee. Nikamfasiria kwa Kiingereza neno baada ya neno. Yale ya foleni yalimchekesha. Nilipofika kwenye salamu za Mama aliacha kucheka. Akataka nirudie. Kisha akasema, "Huyu mama yako haumwi na goti? Hana kisa na jirani? Hakukasirikii kitu? Mie niliandika barua hizi miaka miwili, binti. Aliye hai hulalamika."

Nilikasirika. Nikamwambia mama yangu ni mtu wa subira. Uongo mtupu, nawe unajua, Mama hajapata kuwa na subira hata na chai ikitokota. Nikazitoa barua zako zote sandukuni, nikazipanga, nikazisoma. Mwaka mzima na zaidi Mama hajaniteta hata mara moja.

Na jengine nikwambie, ingawa najua utanicheka. Siku ya pili yake nilipoingia zamu, Bi Kulsum hakunitazama mie, alitazama nyuma yangu. Akasema, "Mwambie mwenzio aingie, mlangoni kuna baridi." Nikageuka, hapana mtu. Akasema ni mwanamke wa makamo, kajifunga nguo mbili za rangi, moja kiunoni na moja kichwani, mkono kaushika ubavuni. Kanga kazionea wapi mtu wa Azabajani?

Sasa nina habari ya Mama, na nataka umsomee palepale alipo. Nimekata nywele zangu. Zote, mpaka masikioni, kama mvulana, maana kofia ya kazi inanisumbua. Msomee, kisha uniandikie alivyosema, neno kwa neno, usimfichie ukali.

Thuwaiba


Mkunazini
10 Januari 1971

Mwanangu,

Nimeipata yako. Sina mengi leo, macho yananisumbua na mwanga wa hapa ni haba.

Mama yako anakusalimia. Nimemsomea habari ya nywele. Anasema nywele huota.

Usikae sana na bibi huyo peke yako. Soma Ayatul Kursi unapoingia na unapotoka. Mtu aliyeona vita huona mengi, si yote ya kufuatwa. Lakini hebu niambie, huyo mwanamke wa mlangoni, ubavu anaoushika ni upi?

Zeyana


Tooting
14 Machi 1971

Mama mdogo Zeyana,

Barua yako ya Januari nimeitia mkononi juzi. Watu wa posta huku waligoma wiki saba, hapana kilichoingia wala kilichotoka. Sijui kama mwengine anaisoma hii kabla yako. Akiisoma na aisome, haina siasa.

Bi Kulsum amekufa, tarehe tisa Februari, alasiri. Kifua kilimjaa maji. Hakuwa na mtu, kwa hivyo nimemwosha mie, pamoja na wanawake wawili wa msikitini, na Gurmit kasimama nje ya pazia akitupitishia maji. Nilijua kuosha kwa kukutazama weye. Alikuwa mwepesi mno.

Siku mbili kabla alikuwa na akili zake timamu. Akaniambia la mwisho la kazi ile ya treni. Mama mmoja alipata barua ya mwanawe kuwa jeraha limepona, akafunga safari siku kumi na moja akafika stesheni, na koti jipya la sufi mkononi. Mwanawe alikwisha kufa miezi saba. Bi Kulsum alimwona dirishani, anapita behewa baada ya behewa anaita jina. Hakushuka. Treni ikaondoka na yeye ndani. Anasema wale arubaini na mmoja wote wamemsamehe, lakini yule mama wa koti haketi kitini. Husimama.

Kisha akatazama nyuma yangu tena. Nikamwuliza, maana na mie nishachoka kujifanya hodari, huyo mwanamke anataka nini. Akasikiliza. Akasema, "Anakuuliza wiki hii ameandika nini."

Mie muuguzi, nishaona watu wazima wakiweweseka kwa homa, na najua kichwa cha mgonjwa kinavyozungumza. Nimejiambia hayo kila siku kwa mwezi mzima. Lakini halafu ikafika barua yako. Nilikwandikia maneno mengi ya Bi Kulsum, na katika yote weye umeuliza ubavu.

Wa kushoto.

Sikukata nywele, Mama mdogo. Ziko palepale, nazisuka kila Jumapili. Mama aliyenifukuza na mwiko nilipopunguza ncha tu nina miaka kumi na mitatu, hasemi nywele huota. Niambie. Mie nina miaka ishirini na saba, nimeosha maiti kwa mikono hii. Mama yangu yuko wapi?

Thuwaiba


Mkunazini
18 Aprili 1971

Mwanangu Thuwaiba,

Barua hii haipiti posta. Anakuletea mkononi Adelina, muuguzi wa bara aliyekuwa akifanya kazi hapa, anakuja huko kusoma. Mpe chai, mtu mwema. Nimemwambia asikuache peke yako mpaka umalize kusoma. Mwite akae.

Mama yako alifariki Jumatano tarehe 16 Julai 1969, mwandamo wa mfunguo nane, baada ya sala ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Aliumwa ubavu wa kushoto siku nne, siku ya tano hakuinuka kitandani. Nimemwosha mie. Kazikwa Mwanakwerekwe, kaburi lake nalijua na nalipalilia. Khitma ilisomwa, watu walikuja wengi. Hapana haki yake iliyoachwa ila nyinyi wawili.

Unajua kwetu msiba hauandikiwi mtu aliye peke yake ugenini. Lakini sijifichi nyuma ya hilo, maana miezi ishirini na moja si desturi tena. Siku ya tatu ya ugonjwa alinishika mkono akasema, "Zeyana, wasije. Wakija hawatotoka tena. Waandikie mie mzima." Alishampoteza baba yenu Matar mwaka ule wa mapinduzi, akawa haogopi kifo chake, anaogopa nyinyi kurudi. Nikamwahidi. Nikadhani nitaandika mara mbili tatu, mpaka upate cheti.

Zile za mwanzo zilikuwa nyepesi, kwa sababu nilikuwa bado namsikia. Nikishika kalamu tu sauti ile pale, inakuteta, inamteta Mwadini, inaniteta mie na mwandiko wangu. Kisha ikawa inafifia. Nikawa nakaa na karatasi, najiuliza Shemsa angesema nini, hapaji kitu. Dada yangu wa tumbo moja nimemsahau anavyosema! Nikabaki na dua na radhi, basi. Bibi wako yule alijua kazi yake. Niliposoma habari ya nywele nilikaa siku tatu natafuta ukali wake nisiupate.

Na ninalokwambia sasa sijamwambia mtu. Tangu mwaka jana, nikikaa kuandika, mtu hunisimamia nyuma ya bega, nami huona upindo wa kanga tu. Mchana kweupe, madirisha wazi. Sikuogopa, nilisema uzee. Mpaka uliponiandikia habari ya mwanamke wa mlangoni. Ndipo nilipoijua kanga.

Unataka neno lake la mwisho. Watu hupenda liwe shahada, na shahada aliivuta, alhamdulillah, mie shahidi. Lakini kabla yake nilimnywesha uji, akatema, akasema, "Huu uji hauna chumvi. Utapika lini weye?" Ndilo hilo. Nimelificha miezi ishirini na moja nikiona ni haya kulisema.

Sasa niko mikononi mwako, nami nina shida. Mwadini kaniandikia anakuja mwezi wa saba kumwona Mama. Unajua alivyoondoka, bila pasi na bila ruhusa ya mtu. Akishuka hapa hafiki nyumbani, atachukuliwa palepale. Nimemwandikia asije, nimemwandikia Mama yake anamsihi asije. Kanijibu, "Mama akitaka nisije hasihi, huamrisha. Anayesihi ni weye." Nikimwambia amekufa atakuja upesi zaidi, alishaapa mbele ya Mama kuwa atasimama kaburini kwake hata kwa pingu. Mie sauti imenitoka, Thuwe. Weye mkubwa wake. Amua, na utakaloliamua nimeliridhia. Na mie nisamehe ukiweza.

Zeyana


Tooting
23 Mei 1971

Mama mdogo,

Adelina alikaa nami siku mbili. Nililia siku ya kwanza, siku ya pili nikakasirika nikavunja sahani, sahani ya Adelina masikini, zawadi kaja nayo. Kisha nikalisoma tena lile la uji nikacheka peke yangu jikoni. Ni miezi ishirini na mbili sijamsikia Mama, na alikuwa hapo kwenye mstari mmoja. Khitma tumeisoma Jumapili nyumbani kwangu, watu saba. Sijakusamehe bado, lakini nakupenda vilevile, basi ngoja.

Habari ya Mwadini. Nilikusudia kumwandikia kweli yote. Nimeianza mara nne. Ninafika kwenye jina la Mama, namwona anashuka bandarini na mkoba wake anatazama huku na huku. Juzi alasiri nikachukua karatasi nyengine nikaandika haya yaliyo hapa chini. Sikusita hata mara moja wala sikufuta. Sikuwa nikifikiri, Mama mdogo. Nilikuwa nikiandika kama mtu anayesomewa, na pengine nilimwomba apunguze mbio.

Yanakili kwa mkono wako, maana mwandiko wangu anaujua, kisha umpelekee:

"Weye Mwadini huna haya? Nani kakwambia nakutaka? Miezi yote hii nanyamaza unadhani mama yako kageuka malaika. Ubavu unaniuma, mama yako mdogo ananipikia uji hauna chumvi kama wa mahabusu, na weye unataka kuniongezea maradhi kwa nauli. Kaa hukohuko ufanye kazi. Ukikanyaga hapa kabla sijakwita, usiniite mama, na maziwa yangu utanilipa. Siku ya kuja nitakwambia mie kwa kinywa changu. Na lile shati la buluu usilivae kazini, nilikununulia la Idi."

Habari ya shati sikuwa nikiijua. Usiniulize.

Akijibu, niletee jawabu lake kabla hujaandika kitu. Nami kila nitakachokiandika nitakuletea nakala yake uiweke, ili Mama asije akasema mawili.

Thuwaiba